TV ya Mkwe na Mkono wa Dereva

Bahati na Selina, mliponiona nimekuja kuwaachia funguo za kibanda nimevaa kitenge kipya mlicheka, mkasema mama fundi anastaafu kama mkuu wa shule. Chekeni tu. Mimi hakuna aliyeniandikia barua ya kustaafu, macho ndiyo yaliyonistaafisha. Fundi anayeazima miwani ya mteja ili auone mguu wa saketi, huyo aende nyumbani akafuge kuku. Basi nafuga kuku, na kuku wenyewe hawana mazungumzo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nawaandikia yale ambayo pale mezani, kwa kelele za redio na wateja wa haraka haraka, hayakupata nafasi.

Mimi ni mtoto wa Mgori. Kwetu TV tulikuwa tunaisikia tu kwa watu waliofika mjini, na kila aliyetoka mjini alikuwa na uongo wake kuhusu TV. Nilipopelekwa Singida mjini kumsaidia shangazi kuuza vitunguu sokoni, nikakuta ng'ambo ya meza yetu kuna kibanda cha Fundi Athumani, na ndani yake TV zimepasuliwa matumbo. Vitunguu vya shangazi vikawa vinaibiwa mimi nimesimama mlangoni kwa fundi. Siku moja akaniuliza bila kuinua kichwa, "Wewe binti, umetumwa au umepotea?" Nikamwambia sijatumwa, nataka kujua kilichomo. Akasema, "Kilichomo kinaua. Kaa hapo, usiguse kitu."

Nikakaa, na sikuondoka tena. Shangazi alinuna mwezi mzima.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa brashi. Mnaujua upepo wa Singida. Vumbi lake linaingia hata kwenye yai. Zile TV za chogo, zenye mgongo uliotokeza nyuma, zilikuja zimejaa vumbi mpaka bodi haionekani, na ndani ya vumbi mende, na siku moja mjusi na familia yake. Niliposafisha ndipo Fundi akanionyesha jinsi TV ya chogo inavyobaki na umeme tumboni hata ukiichomoa ukutani, na jinsi ya kuutoa kwa bisibisi yenye waya uliofungwa kwenye chuma cha fremu, mkono mmoja nyuma ya mgongo ili umeme usipite kifuani. Ninyi mmezaliwa na TV bapa, hamkuonja raha hiyo. Mimi niliionja mara moja, nikatupwa kwenye ndoo ya maji machafu, na Fundi akauliza kwanza kama bisibisi yake iko salama.

Lakini kilichomfanya Fundi Athumani awe fundi hakikuwa bisibisi. Mteja akija, yeye hakufungua kitu. Alimvutia kigoda, akamuuliza: mara ya mwisho ilifanya kazi vizuri lini, na tangu hapo nini kimebadilika? Kisha ananyamaza, anaacha mtu aseme. Mimi nilikuwa naona ni kupoteza muda, mpaka alipokuja mama mmoja analia kwamba TV yake inazima kila wageni wakija. Majirani walishaanza kusema nyumba ina mambo. Fundi akamwacha azungumze mpaka akafika kwenye vitambaa vya kufuma. Kumbe wageni wakija mama anatandaza kitambaa kikubwa juu ya TV ili kupendezesha, kinaziba matundu yote ya nyuma, TV inakosa hewa, inazima. Fundi hakufungua hata skrubu moja siku ile. Alimwambia mama afume kitambaa kidogo.

Nilipoolewa Manyoni nikaja na brashi yangu na mita ya kupimia umeme niliyopewa na Fundi Athumani, nikafungua kibanda njia ya kwenda stesheni, hapo hapo mlipo. Miaka ya mwanzo watu walikuwa wakija wanachungulia. "Fundi yuko wapi?" Nawaambia ni mimi. "Hapana, fundi mwenyewe." Nawaambia fundi mwenyewe alikwenda kunywa chai, ndiye huyu amerudi. Wengine waliondoka. Wengi walirudi, maana kutoka Manyoni mpaka kwa fundi mwingine mwenye ndevu kulikuwa mbali, na TV ya chogo ni nzito.

Halafu vikaja ving'amuzi, tukageuka mafundi wa kupanda mapaa. Halafu TV zikakatwa chogo, zikakonda, na sisi mafundi tukakonda nazo, kwa sababu kioo kikipasuka hakuna cha kushona. Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Kumbe ndipo vijana wa gemu walipoanza kuja.

Wa kwanza kunifundisha alikuwa Pendo, binti wa muuza alizeti, alikuwa chuo, yuko likizo. Alikuja na TV juu ya bodaboda imefungwa blanketi kama mgonjwa. "Shikamoo mama. TV inalagi."

"Marahaba. Inafanya nini?"

"Inachelewa, mama. Naichomeka kwenye kompyuta nacheza. Nikibonyeza, mtu wangu anapiga baadaye, keshauawa."

Nikaipima. Umeme sawa, bodi sawa, picha safi kama maji ya kisima. Nikamwambia TV yake nzima, apunguze kucheza. Hakubishana. Alichomeka kompyuta yake, akanipa pedi, ile ya kushika mikononi yenye vibonyezo, akasema, "Mama, kaa uruke lile shimo." Nikaruka, nikatumbukia. Nikaruka tena, nikatumbukia. Nikaruka mpaka jasho likanitoka, na mwanadada anatazama dari ili asinicheke usoni. Kisha akaenda kwa rafiki yake, akaleta kioo cha kompyuta, monita ya gemu, akahamishia waya kule. Nikaruka shimo kama mbuzi wa Mgori. Siku ile wateja wawili waliondoka bila kuhudumiwa, mimi naruka mashimo.

Basi shikeni hili, maana bado nawasikia mnawajibu wateja ovyo. TV inapopokea picha haikutolei hapo hapo. Inaipeleka ndani kwanza, inaipaka poda, inainyoosha, inaiongezea rangi, ndipo inaitoa sebuleni kwa wageni. Ukiangalia taarifa ya habari hutajua, kwa sababu msomaji hakungoji wewe. Ukibonyeza kitu wewe mwenyewe, utajua. Monita ya gemu inatoa picha ilivyoamka. Baadhi ya TV zina hali ya gemu kwenye menyu, ukiiwasha poda inapungua sana, na hizo ni TV nzuri, mwenye nafasi na kochi lake acheze mpira na rafiki zake kwa amani. TV nyingine hazina kabisa, hata ziwe kubwa kama uwanja.

Na hezi si kitu kile kile. Hezi ni mara ngapi kioo kinachora picha upya ndani ya sekunde. TV nyingi ni sitini, monita za gemu zinafika mia na ushee, na mwendo wake ni laini, jicho halichoki. Lakini nimeona watu wananunua hezi mia na arobaini na nne, wanachomeka waya wa zamani, hawagusi mipangilio ya kompyuta, wanakula sitini kwa mwaka mzima na kujisifu mitaani. Mteja akileta monita, kabla hamjashika mita, fungueni mipangilio. Halafu umbali. TV kubwa ukiiweka mezani ukaikalia pua kwa pua, shingo itakuuma na maandishi yatakuwa na ukungu pembeni. Ni kitu cha ukutani, utazame ukiwa umerudi nyuma.

Msije mkageuka upande wa pili pia mkadhani monita ni dawa ya kila kitu. Mnamkumbuka yule mwenye baa aliyenunua monita kubwa kwa sababu aliambiwa ni kali kuliko TV? Alialika watu waje kuangalia fainali. Haina spika, haina pa kuchomeka antena. Alinipigia watu wakiwa wameshakaa, anasema, "Fundi, TV yangu bubu." Nyuma yake nasikia watu wanaimba kwa hasira. Nilimpelekea spika za redio ya gari, ikabidi ziwekwe kwenye ndoo ili zisikike.

Sasa nije kwenye kazi ya Mzee Kasimu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Sijawahi kuwasimulia yote, kwa sababu ninyi mnapenda kucheka.

Mzee Kasimu alikuwa dereva wa treni kwenye reli yetu ya zamani. Watu wa Manyoni wa umri wangu walikuwa wanajua ni yeye anayeingia kwa namna treni inavyosimama. Wengine wanasimama kwa kishindo, mizigo inaanguka. Yeye mlango wa behewa la kwanza unafika kwenye alama ya jukwaani, unatulia pale, chai haimwagiki. Alishastaafu zamani kiharusi kilipompata, kikauchukua mkono wa kulia. Hospitali walimrudisha nyumbani na maagizo: kila siku mkono wa kushoto ufungwe kwa kanga ili usisaidie, na wa kulia ufanye kazi yoyote mgonjwa anayoipenda. Mke wake, Mama Hadija, akauliza kazi ipi. Wakamwambia mwenyewe anajua.

Anachokipenda mzee ni treni, na treni haifungwi sebuleni. Ndipo mkwe wake, mume wa Hadija, aliyeko Dodoma, akaleta laptopu yake mwenyewe yenye gemu la kuendesha treni, na pedi. Reli yenyewe ni ya huko kwenye baridi, milima myeupe kwa theluji. Mama Hadija anasema mzee aliendesha kwenye theluji ile huku anatangaza vituo vyetu: Saranda hiyo, jiandaeni, Manyoni hii, anayeshuka ashuke. Ndani ya miezi michache vidole vilianza kutii. Akashika kikombe. Mama Hadija aliniambia siku aliyoshika kikombe yeye alikwenda kusimama nyuma ya choo akamshukuru Mungu kwa sauti, ili mzee asione ni jambo kubwa kiasi hicho.

Kisha mzee akalalamika kwamba kioo cha laptopu ni kidogo, alama za reli haoni. Mkwe akasikia. Mkwe mwenye upendo ni mtu wa hatari, hatumi nusu nusu. Akaleta TV ya inchi sitini na tano, kubwa kuliko mlango wao wa jikoni. Majirani wakaja kutoa hongera kama kwenye harusi. Laptopu ikaunganishwa kwa waya, treni ikaonekana ukuta mzima.

Na kuanzia hapo mkono wa mzee ukaanza kufa.

Mama Hadija yeye hakuona kitu. Treni inaondoka, treni inasimama. Lakini mzee alikuwa anaona. Akibonyeza, hendeli ya breki kwenye picha inakaa kidogo ndipo inashuka, na ule mlio wa hewa unakuja nyuma. Kwenye alama ya jukwaani alikuwa anapita, kidogo tu, hatua moja ya mtu. Mimi au wewe tungesema treni imesimama, twende. Yeye alirudia, akapita. Akarudia siku nyingi, akapita. Mwishowe akaweka pedi mezani, akafungua ile kanga mkononi kwa meno, akamwambia mkewe, "Nimekabidhi."

Baadaye mwenyewe alinieleza neno hilo. Kwao madereva, ukihisi mkono wako unachelewa huanzi kulaumu breki. Unajilaumu wewe kwanza, kwa sababu nyuma yako kuna mabehewa ya watu wamelala. Ukifika kituo kinachofuata unamkabidhi mwenzako treni, bila kubishana, na unashuka. Hiyo ndiyo heshima yao. Basi mzee alijipima, akajihukumu, akashuka. Na nyumba nzima ikaamini kiharusi kimerudi kimya kimya.

Hakuacha gemu tu. Aliacha yote. Mkono ukarudi mapajani, ukakaa pale. Kula kwa kushoto kwa mtu wa umri wake ni aibu asiyoweza kuimeza, kwa hiyo Mama Hadija akawa anamlisha kwa kijiko nyuma ya pazia, na wageni wakija na sinia likiwekwa, mzee anasema ameshiba. Mwanamume aliyekuwa akila na kila mtu. Hospitali hakutaka kurudi. Alisema watamwambia tu anachokijua.

Ndipo Mama Hadija akaja kibandani kwangu. Alisimama pembeni mpaka wateja wakaisha. "Mama Imani, njoo unifungulie ile laptopu na manyaya yake, mkwe akija achukue. Sitaki kuziona." Hakuja kutengenezewa kitu, muelewe hivyo. Alikuja kuzika.

Nikaenda. Mzee alikuwa kwenye kiti, ametazama TV iliyozimwa. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliye chumba kingine. Nikaanza kukunja nyaya, na kwa mazoea tu ya Fundi Athumani nikamuuliza Mama Hadija, mara ya mwisho aliendesha vizuri lini?

"Kabla ugonjwa haujamrudia."

"Ulimrudia lini?"

"Wiki ile TV ilipokuja."

"TV ilitangulia, au ugonjwa?"

Akanitazama. "Vilikuja pamoja," akasema taratibu. Mimi nikaacha kukunja waya. Nikakaa chini pale pale kwenye mkeka.

Nikawasha TV, nikaingia kwenye menyu nikitafuta hali ya gemu. Haikuwepo. Nilizima kila poda niliyoiona, lakini TV ile ilitengenezwa kwa ajili ya kutazamwa tu. Nikamwomba mzee anionyeshe anavyofunga breki. Akatikisa kichwa. "Mimi nimekabidhi, mwanangu. Aliyekabidhi hapandi tena."

"Sikuombi uendeshe, baba. Nataka kuijaribu mashine, na mimi breki siijui ilipo. Shika kwa mkono wa kushoto."

"Wa kushoto daktari amekataza."

"Daktari amekataza kwenye mazoezi. Haya si mazoezi, ni kazi ya fundi."

Akafikiri. Nadhani ni lile neno kazi lililomgusa. Akapokea pedi kwa kushoto, ule mkono mzima, unaomnyoa ndevu na kumfungia mlango. Treni ikaondoka kwenye theluji. Kituo kikaja. Akabonyeza. Hendeli ikangoja, ndipo ikashuka, na mlio ukafuata, na alama ya jukwaani ikapita. Akakunja uso. Akarudisha treni, akajaribu tena. Ikangoja tena. Akajaribu mara nyingi, anabonyeza kwa nguvu kana kwamba anamwamsha mtu. Kisha akauinua ule mkono wa kushoto mbele ya macho yake, akaugeuza huku na huku.

"Na huu nao?" akaniuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Huo mzima, baba!" Nilisema kwa haraka mpaka nikajing'ata ulimi. "Mzima kabisa! Ni TV ndiyo inayochelewa kukuonyesha. Treni imeshafunga breki, TV haijakuambia. Na kama inakuchelewesha kwa mkono mzima, basi na ule mwingine ilikuwa inausingizia."

Watu wa reli hawaamini maneno, wanaamini chuma. Nikatoka mbio na bodaboda mpaka kibandani, nikachukua ile monita ya inchi thelathini na mbili aliyoniachia Pendo niiuze alipomaliza chuo, nikaifunga blanketi, na spika ndogo mfukoni. Nikaiweka juu ya meza karibu na dirisha, mzee akasogezwa. Kwa umbali ule wa mkono mmoja alama za reli zilikuwa kubwa machoni kama zilivyokuwa ukutani. Nikapandisha hezi kwenye mipangilio.

Alianza na kushoto. Akabonyeza, hendeli ikashuka pamoja na kidole, na hewa ikalia hapo hapo. Kisha, bila mtu kumwambia, akaihamisha pedi kwenye mkono wa kulia. Ilichukua muda, vidole vilikuwa vimeshasahau. Mama Hadija alishafungua kanga kiunoni na kuanza kuufunga ule wa kushoto, akikosea fundo kila mara. Mzee akabonyeza kwa kulia.

Hendeli ikashuka.

Hakuendesha. Alifunga breki na kuachia, akafunga na kuachia, treni imesimama tu kwenye theluji inapumua. Tulimsubiri. Mwisho akasema, "Mama Hadija, ni mimi." Mkewe akasema, "Ni wewe, baba Hadija." "Kumbe nilikuwa ni mimi muda wote." Mimi nililia, sijifichi. Nilijifanya natafuta bisibisi mkobani, na bisibisi nilikuwa nimeishika.

Msidhani mkono ulipona siku ile. Ulikuwa dhaifu, ulichoka baada ya vituo viwili, na kwa miezi aliyouacha ulikuwa umerudi nyuma sana. Mimi si daktari na monita si dawa. Walirudi hospitali wakaanza upya. Ila mkono dhaifu na mkono uliokufa ni vitu viwili, na mtu haufanyishi mazoezi mkono aliokwisha kuuzika.

Ikabaki habari ya mkwe. TV aliyoleta mkwe haitolewi sebuleni. Ukiitoa umemtoa mwenyewe, na binti yako utamtazamaje? Mama Hadija alitaka tufiche jambo. Nikaona afadhali niseme mimi mtu wa nje, nikampigia. Nilimweleza taratibu. Akasema, "Kwa hiyo mama, mimi ndiye niliyemrudisha mzee nyuma."

"Wewe ndiye uliyemrudisha kwenye treni," nikamwambia. "Ulipokosea ni kioo tu, na hata mimi fundi nisingejua kama binti mmoja asingenitumbukiza shimoni." Akacheka huku analia, mnajua sauti ile. TV ikabaki ukutani kwa habari na mpira, na majirani wakaendelea kuja. Treni ikabaki dirishani.

Kwa hiyo mteja akiwauliza achukue TV au monita, msikimbilie inchi. Muulizeni nani atakaa mbele yake, macho yake yakoje, mikono yake ikoje, na ni kitu gani anaogopa kukipoteza. Mtajibu vizuri zaidi.

Baada ya mvua za mwaka ule Mama Hadija alinialika chakula cha mchana. Akatandika mkeka mpya sebuleni, akaweka sinia: ugali wa uwele, kuku, na bakuli la mlenda unaoteleza. Mzee akashuka kitini mwenyewe, akakaa nasi. Mimi niliuogopa ule mlenda, maana unawashinda hata wenye mikono miwili mizima. Tangu mzee augue, Mama Hadija alikuwa akizungumza naye kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, kama anavyoambiwa mtoto mwenye homa. "Kidogo kidogo, baba," akamwambia hivyo hivyo.

Mzee akanawa mkono wa kulia. Akamega. Vidole vikatetemeka, tonge likapata umbo baya lakini umbo, akalichovya, akaliinua. Katikati ya safari likaponyoka. Mlenda ukachora mstari mrefu kutoka kwenye sinia mpaka ukingoni mwa mkeka, na tonge likasimama karibu na goti langu. Nikageuza macho dirishani.

"Wee mzee!" Mama Hadija akapaza sauti. "Mkeka wangu mpya huo! Huoni unapopeleka?"

Kisha akashtuka, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mzee Kasimu akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu mpaka akakohoa, machozi yanamtoka. "Mwaka mzima sijagombezwa," akasema. "Mwaka mzima, Mama Imani! Nilidhani nimeshakufa, wananificha."

Mama Hadija akainuka kutafuta kitambaa, bado analalamika kwamba mikeka haiokotwi, na mzee akarudisha mkono kwenye sinia.